Kiatu cha Sisimizi

Tarehe 4 Februari

Kwako mdogo wangu Sisimizi,

Najua utaanza na shikamoo, kwa hiyo marahaba naitanguliza. Mimi ni mzima. Wifi yako ni mzima, meno mawili ya mbele yameondoka lakini maneno yamebaki yote. Banda langu la viatu liko palepale kati ya kinyozi na muuza mikate. Bati moja limetoboka nimelibadilisha mwenyewe, nimepanda juu kwa miguu yangu na miaka yangu sabini na mbili. Kinyozi alishika ngazi huku anasali.

Huyo kinyozi anakusalimu. Kila siku ananiambia ninunue simu. Nimemwambia sikio langu la kulia liliuawa na nyundo zamani, na hili la kushoto nalitunzia mambo ya maana. Neno la simu linapita, barua inakaa. Tena mchoro wa mguu wa mtu utaupitisha wapi kwenye simu.

Mwandiko usiucheke. Mimi niliishia darasa la pili ili wewe ufike la saba, na bado wenye vyeti vya kutundika ukutani wananiletea viatu na kuniita fundi. Hakuna mtu mtaa huu anayeshona kisigino kama mimi. Sijisifu, nasema tu.

Sasa jambo lenyewe. Nimeacha vidonge vya sukari.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki. Yule muuguzi mwembamba akanitoboa kidole, akatazama kimashine chake, akasema, "Mzee wangu, sita nukta moja. Safi kabisa. Endelea hivyohivyo na dawa." Nikamwuliza, safi? Akasema safi. Nikamwuliza, sasa dawa ya nini? Akasema, "Ni safi kwa sababu unakunywa dawa." Mtu akiniletea kiatu kimefumuka nikakishona, siendelei kukishona asubuhi na jioni mpaka mwenyewe afe. Kazi imekwisha, achukue kiatu chake aende.

Vidonge vilivyobaki nimevitia kwenye kopo la gundi kuukuu, nimegongea kifuniko kwa nyundo. Siku ya kumi na tisa leo, na sijambo kuliko jana.

Mwaka umefika, nitumie michoro ya miguu yako nikushonee viatu vya jikoni. Unajua masharti. Karatasi sakafuni, simama wima, kalamu wima, mguu wa kushoto kwanza. Usichore umekaa kama mwaka juzi.

Ni mimi kaka yako,
Fundi


Tarehe 27 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaiitikia. Mpe wifi pole ya meno na umwambie asikuachie uongee peke yako. Huku tu wazima. Mwanangu amehamia kwangu na mtoto wake, mume kapata kazi mbali. Jikoni shuleni wameongeza wanafunzi, sasa napikia mia nne na ishirini na sufuria ni zilezile. Sakafu ya saruji inanimaliza miguu. Viatu vyako vya mwaka jana soli bado nzima, watu wananiuliza nimenunua duka gani.

Kaka, kwa hilo jambo lako sina raha. Na mimi nina habari inayofanana nayo, ila yangu imekuja kwa njia nyingine. Nilipopunguza unene, na sukari kukaa vizuri mwaka mzima, nilimwuliza daktari kama ninaweza kuacha vidonge. Hakunigombeza. Alisema wapo wanaoweza kupunguza, wapo wachache wanaoacha, na wapo wasioweza kabisa, na hakuna anayelijua hilo kwa kujitazama kwenye kioo. Amenipa mpango. Nimeanza kunywa nusu. Kila asubuhi kabla ya chai najipima kidole na kuandika namba kwenye daftari. Ikipita kumi asubuhi mbili mfululizo narudi kwake siku hiyohiyo, na ikibidi narudia dozi yangu yote. Baada ya wiki sita tunakaa tunalitazama daftari pamoja. Akasema, "Na ukirudia dozi usione umeshindwa. Ndivyo tunavyojua."

Rudi kliniki, kaka. Waambie umeacha, wakupime. Kama huhitaji dawa watakwambia wenyewe, utatamba vizuri zaidi ukiwa na karatasi yao mkononi.

Michoro nimeweka ndani. Nimesimama.

Mdogo wako,
Sisimizi


Tarehe 30 Machi

Kwako Sisimizi,

Nimepokea barua na michoro. Wifi yako anasema mpwa wangu amefanya vyema kuja kwako, mtoto atazoea. Muuza mikate amefunga wiki nzima, kafiwa na baba mkwe. Kinyozi amenunua kiti kinachozunguka, sasa wateja wanatoka na kizunguzungu na nywele hazijaisha.

Viatu vyako nimevikata jana. Ngozi nyeusi, nzito, ulimi mrefu ili maji ya moto yasiingie. Kwa kutazama mchoro tu najua umesimama sana mwaka huu, kidole gumba kimelala upande.

Hili la nusu kidonge limenichekesha mpaka wifi yako katoka nje kuuliza nani amekufa. Nusu. Mimi nikikushonea nusu kiatu utavaa? Na daftari la namba juu yake, kama karani. Sisimizi, wewe umelelewa na mimi. Baba na mama walipoondoka nilikubeba mgongoni na sanduku la vifaa nikalibeba kichwani, sikuuliza daktari kama ninaweza.

Mimi niko hivi. Nakula ninachotaka. Chai yangu ina sukari tena, na ni tamu. Nimepungua tumbo mpaka nimetoboa tundu tatu mpya kwenye mkanda kwa msharasi wangu mwenyewe, na suruali bado inateleza. Kijana wa harusi hana kiuno hiki. Kiu ndiyo imezidi, ni joto la mwaka huu, namaliza ndoo ndogo ya maji kabla ya saa nane. Ukinywa maji unakwenda chooni, hilo si ugonjwa, hilo ni bomba.

Kliniki sirudi. Nitarudi kuwaonyesha mkanda.

Kaka yako,
Fundi


Tarehe 9 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Viatu vimefika, vimenikaa kama ngozi yangu mwenyewe. Mtoto ameota jino. Sufuria kubwa imetoboka, tunapika kwa zamu mbili, natoka nyumbani saa kumi alfajiri.

Nina jambo naona haya kuliandika. Wiki tatu za kwanza za nusu kidonge namba zilikuwa nzuri, saba, saba na nusu. Wiki ya nne zikapanda. Asubuhi moja kumi na nukta nne, iliyofuata kumi na moja. Hapo ndipo ilitakiwa nirudi. Niliomba ruhusa kazini, mkuu wa jiko akasema niende kesho, kesho akasema kesho. Halafu, kaka, nikiwa nimekaa na daftari mkononi nikakumbuka barua yako. Nikajiuliza kwa nini mimi nihangaike na namba, damu yetu si moja? Wewe ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mbili na umeacha vyote kwa siku moja. Nikaona aibu kurudi kwa daktari kusema nimeshindwa na nusu.

Nimeacha vyote. Daftari nimeliweka chini ya godoro. Sipimi tena, maana nikipima nitaogopa.

Usinisifu. Nataka unijibu kitu kimoja tu, na ukijibu haraka nitashukuru. Wewe bado uko vizuri kweli? Usinitanie. Nikijua uko vizuri nitatulia. Nikijua hauko vizuri nitarudi kesho yake, mkuu wa jiko apende asipende.

Mdogo wako


Tarehe 22 Julai

Kwako Sisimizi,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nimechelewa kujibu, usikasirike. Nilikuwa safarini. Nilikwenda kumtazama rafiki yangu wa zamani, nikakaa siku kadhaa, halafu kazi zilikuwa zimelundikana. Wifi yako hajambo. Kinyozi alinilindia banda, amepoteza viatu vya watu wawili na kumpa mmoja vya mwingine. Muuza mikate amefungua tena.

Mvua zimekwisha huku. Bati langu halivuji. Nimeshona viatu vya bwana harusi mmoja, alivivaa akalia.

Kuna kitu nilitaka kukwambia, nitakwambia siku nyingine.

Wifi yako amesimama nyuma yangu anasema andika yote. Nimemwambia barua ni yangu, akitaka aandike yake. Amekwenda jikoni amekasirika.

Uliniuliza kama niko vizuri. Mimi ni mzima. Lini umeniona mimi nimeshindwa na kitu? Mzima kama nyundo. Wewe fanya kazi yako na umsalimie mpwa wangu.

Kaka yako,
Fundi


Tarehe 16 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako imenipa usingizi, nilikuwa nimesubiri zaidi ya wiki kumi nikiwaza mabaya. Nimeiweka kwenye mfuko wa gauni.

Huku wazima. Mtoto anasimama kwa kushika ukuta. Mwanangu amepata kibarua cha kufua.

Mimi nimechoka kidogo tu. Macho yana ukungu asubuhi, naona sufuria mbili pale penye moja. Wiki mbili zilizopita maji ya moto yalinimwagikia mguu wa kushoto, yaliingia kwa juu maana kamba sikuifunga. Sikusikia hata kidogo. Wenzangu ndio walipiga kelele, mimi nikashangaa wanamlilia nani. Mpaka leo hapaumi, ndiyo maana sina wasiwasi napo, ila hapajakauka na kiatu kinabana. Naomba unishonee kingine cha kushoto, kipana. Nakutumia mchoro wa mguu huo peke yake.

Jirani yangu ni muuguzi. Ameutazama akanipigia makelele nirudi hospitali, akasema sukari ndiyo inayozuia kidonda kufunga. Nikamtolea barua yako mfukoni nikamsomea. "Mzima kama nyundo." Akageuka akaondoka.

Nimevaa soksi, naendelea na kazi.

Sisimizi


Tarehe 3 Septemba

Sisimizi,

Salamu nitaandika mwisho.

Mchoro wako umefika leo asubuhi. Nimeutandika mezani juu ya ule wa Februari, nikaweka mguu wa mbao ninaoshonea viatu vyako. Umezidi kwa upana wa kidole pande zote mbili, na pale juu kalamu imetetemeka. Nimeshika miguu ya watu miaka hamsini na tano. Najua mguu ulionenepa na najua mguu uliooza. Mara ya mwisho kuona mstari kama huo ulikuwa wa mwalimu mmoja, na viatu vyake sikuvimaliza.

Nimemwita kinyozi apige namba yako. Imeita mpaka ikakatika. Amepiga mara sita, nimesimama hapo na sikio langu zima. Haikupokelewa. Kwa hiyo naandika, na wifi yako anaipeleka posta mbio.

Nilikudanganya. Hakuna safari. Barua yako ya Mei ilinikuta hospitali, nimelazwa siku kumi na moja. Nilianguka bandani na kiatu cha mtu mkononi. Napumua kama mbwa aliyekimbia, natapika, nasema maneno yasiyo na kichwa. Kimashine chao kilishindwa kuhesabu sukari yangu. Wifi yako alilipasua lile kopo la gundi kwa nyundo ili awaonyeshe ni vidonge gani. Daktari aliniambia siku nyingine mbili tu ningezikwa na ule mkanda. Sasa nachomwa sindano kila siku, ananichoma wifi yako, nami nageuza uso.

Barua yako alinisomea yeye palepale kitandani. Lile swali lako. Alisema, "Mjibu leo." Nikasema nikitoka. Nikatoka nikasema nikipata nguvu. Nguvu zilipokuja nikaandika ile ya Julai. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, ukweli nilikuwa nao, nikaandika nyundo. Nilimwona mdogo wangu niliyembeba mgongoni akiniambia kaka umeshindwa na vidonge viwili vidogo. Sikuweza.

Sikiliza sasa. Daktari wako alikuwa sawa. Nilimwuliza wa kwangu juu ya nusu kidonge na daftari, akasema hiyo ndiyo njia, hupunguzi bila daktari kujua, unapima, ikipanda unarudi. Ulikuwa kwenye njia, mimi ndiye niliyekutoa. Usingoje kesho ya mkuu wa jiko. Nenda leo, nenda na huo mguu, waambie vidonge uliacha tangu lini, usifiche. Soksi uivue. Barua yangu ya Julai uichome moto.

Mpwa wangu ukiisoma wewe, mpeleke mama yako.

Salamu kwa wote.

Kaka yako


Tarehe 21 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo na sindano umezizoea. Mwambie wifi asante kwa kukuchoma. Huku mtoto anatembea, hatua tano halafu anakaa. Shuleni wameleta mpishi mwingine, wanasema ana mkono mzuri.

Barua yako ya Septemba imefika nyumbani mimi nikiwa wodini wiki ya tatu. Siku kinyozi alipopiga, simu ilikuwa kwenye mkoba chini ya kitanda, na mimi nilikuwa chumba cha upasuaji. Mwanangu aliiweka barua chini ya godoro, pale lilipokuwa daftari, akanipa niliporudi nyumbani juzi. Kwa hiyo nimeisoma juzi.

Ile ya Julai sijaichoma. Ilikuwa kwenye mfuko wa gauni, na gauni walilikata.

Daktari ni yuleyule wa mwanzo. Mwanangu alimpelekea daftari langu, naye akalifungua lote ukurasa kwa ukurasa, akafika pale kwenye kumi na moja, akaona kurasa tupu. Akaniuliza, "Hapa ilikuwaje?" Nikamwambia nilisahau. Sikukutaja. Anasema sukari sasa inashuka, ila macho hayatarudi kama yalivyokuwa, na mguu wa kulia nao anautazama kila wiki. Anaubonyeza na sindano butu ananiuliza nasikia wapi. Mara nyingine namwambia nasikia hata pale nisiposikia. Nadhani tumetoka tumbo moja kweli.

Ninaandika polepole, mwanangu ananishikia karatasi.

Mwaka bado haujafika, lakini vya zamani havinifai. Mchoro nimeuweka ndani. Nilishindwa kusimama wima, mwanangu alinishika kwapani na yeye ndiye aliyepitisha kalamu. Hutaukuta wa kushoto, usitafute kwenye bahasha.

Sisimizi


Tarehe 15 Novemba

Kwako Sisimizi,

Nakusalimu. Wifi yako anakusalimu. Amesoma barua yako kwanza yeye, akaniwekea mezani bandani akaenda kukaa kwa muuza mikate. Kinyozi alifunga duka mchana, hakusema kwa nini.

Umeniandikia habari zote, mtoto, mpishi mpya, daktari. Nimeisoma mara nne nikitafuta mahali ulipokasirika, sijapaona. Niandikie hata tusi. Unayajua mengi, nilikufundisha mimi.

Daktari ukimjibu, sema kweli pale usiposikia. Ukiwa hutaki kunisikiliza mimi tena ni haki yako, lakini hilo lifanye.

Kiatu nimekishona. Cha kulia, laini, ndani hakuna mshono hata mmoja unaoweza kukuchubua, nimepitisha kidole kila mahali, nikampa wifi yako naye apitishe, maana kidole changu sikiamini tena. Kimenichukua siku tisa. Zamani jozi ilinichukua tatu. Watu wamepita wakaniuliza cha pili kiko wapi, nikawaambia hiki ndicho chote.

Mguu wa mbao wa kushoto bado uko kwenye rafu. Wifi yako alitaka kuuondoa, nimemkataza.

Nilipokitia kwenye boksi kilicheza. Boksi zangu zote ni za viatu viwili. Nikashika michoro yako ya zamani, ya kushoto, ipo yote tangu ule wa kwanza ulipokuwa na miaka tisa, kimguu kama jani. Nimeikunja na kuijaza pale penye nafasi, ili kiatu kisigongegonge njiani.

Kaka yako